Kazi ya Kungurumiwa

Mbwa wa Mulumba alikuwa anakufa, na Mulumba ndiye aliyetakiwa kusema ni lini.

Mechack, daktari wa mifugo anayezunguka na pikipiki kati ya Kolwezi na Mutoshi, alimpapasa mbwa tumboni, akakuta uvimbe mkubwa kama ngumi, akanawa mikono. Akaeleza kwamba dawa ya kuuondoa hakuna. Iko sindano ya kumlaza asiamke tena, naye ataileta siku atakapoitwa. Si leo, kwa maana mbwa bado ana siku zake nzuri. Lakini akicheleweshwa sana, uvimbe utaanza kumtesa. Mulumba akauliza ataijuaje siku yenyewe. Mechack akamwambia achague kitu kimoja ambacho mbwa anakipenda kuliko vyote. Siku asipokijali tena, apige simu.

Mulumba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Shule aliiacha mapema, lakini geti likipinda analiona akiwa ng'ambo ya barabara. Kile anachokipenda mbwa wake kuliko vyote hakukiona.

Mbwa mwenyewe aliitwa Duane, yaani forodha kwa Kifaransa, kwa sababu hakuna aliyepita kwenye lango lile bila kuacha kitu: mfupa, kipande cha mkate, au kipande cha nguo. Marlène, mke wa Mulumba, alisema anachopenda ni mifupa. Wakamletea mfupa wa mbuzi wenye nyama yake. Duane akaunusa kwa adabu, akageuza kichwa. Mulumba akasema hapana, anachopenda ni kulala karakanani na kutazama cheche. Akamwashia mashine, akachoma chuma kisichohitaji kuchomwa. Duane akafumba macho. Mume na mke wakabaki wanatazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutaja simu, ndipo Stany akasukuma lango.

Duane akainua kichwa. Manyoya ya shingo yakasimama. Kutoka ndani kabisa ukapanda mngurumo kama wa lori la madini linalopanda mlima na mzigo, huku mkia ukipiga vumbi kwa raha.

"Kitu anapenda njo hiki," Marlène akasema. "Kuchukia Stany."

Stany ni mdogo wake Marlène, kwa hiyo ni shemeki wa Mulumba. Mchimbaji wa madini huko Mutoshi, mwenye maneno mengi kuliko magunia. Ugomvi wake na Duane ulikuwa wa miaka. Siku ya kwanza alipokuja kumsalimia dada yake, akitoka misa na suruali mpya nyeupe, Duane alibaki na mguu mzima wa ile suruali, Stany akarudi kwao amejifunga kitenge cha dada yake. Tangu hapo, kila Noeli na kila ubatizo, alisimama katikati ya watu akadai patalo lake, ile suruali. Mulumba alimjibu kwamba patalo la shemeki halilipwi, linachekwa tu.

Sasa walimhitaji. Mulumba akamweleza kazi: aje kila jioni akitoka machimboni, asukume lango, angurumiwe, aende zake. Stany alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma, kama mtu anayeajiriwa.

"Shemeki," akasema, "mi natukanwa na imbwa mbele ya quartier muzima. Bila bukari na tomson, nabakia ku nyumba."

Ikabidi Marlène asonge ugali na kukaanga samaki kila jioni. Stany alikula polepole, akitoa maoni juu ya mngurumo wa siku hiyo kama watu wanavyozungumzia mechi. Wa jana ulikuwa na nguvu mwanzoni, ukachoka kipindi cha pili. Wa leo umemgusa, ni kama mbwa amemtukana pamoja na ukoo wake. Majirani walizoea kuja kusikiliza. Wakati huo wote Mulumba alikaa chini, kiganja kwenye mbavu za Duane, kama anavyogusa mashine kusikia kama inazunguka vizuri.

Jioni moja mbavu hazikutetemeka.

Stany alikuwa langoni. Alitoka nje, akaingia tena kwa kishindo. Akacheza mabega, akamtukana mbwa kwa kuanzia na pua. Duane alimtazama tu.

"Alinguruma," Stany akasema. "Mi nilisikia."

Mulumba, mkono wake bado ukiwa pale pale, alimwita Marlène alete samaki. Jioni iliyofuata Stany alitangaza kwamba mngurumo umekuwa mdogo, lakini wa hasira sana. Samaki akaletwa tena. Hakuna aliyemtazama mwenzake wakati wa kula.

Siku iliyofuata Stany hakucheza mabega. Aliingia, akaketi chini. Duane alijivuta kuelekea kwake, akilia kila alipolivuta tumbo, akaweka mdomo juu ya kiatu chake na kutulia hapo. Stany hakuondoa mguu. Sahani ilikuja, ikapoa.

"Stany," Mulumba akasema. "Jana alinguruma?"

"Hapana."

"Na juzi?"

"Juzi mukono yako ilikuwa juu yake, shemeki. Uliniuliza?"

Mulumba akatoa simu mfukoni.

Mechack alifika asubuhi. Mulumba alikishika kichwa cha mbwa mapajani, akamwomba Stany asimame langoni, ili Duane awe na mtu wa kumchukia mpaka mwisho. Stany akasimama, akavimbisha kifua, akajitahidi kuonekana mtu mbaya. Mkia ulipiga vumbi mara moja. Kisha sindano ikafanya kazi yake.

Walichimba nyuma ya karakana. Mulumba alikuja na Duane ndani ya blanketi, akakuta shimo limekaliwa. Stany alikuwa ameketi ndani, miguu ameikunja, hana haraka.

Huku kwetu kwenye kilio mashemeki wana ruhusa yao. Wafiwa wakilia, wao huchekesha. Hulala mbele ya jeneza, humwiga marehemu alivyotembea na alivyokopa, na jeneza haliendi popote mpaka familia ilipe. Lakini hayo ni ya watu. Mulumba alimkumbusha shemeki wake kwamba huyu ni mbwa.

"Ingekuwa imbwa tu, singeingia mu shimo," Stany akasema. "Lipa."

Akanguruma. Alinguruma kama Duane hasa, na ule mkoromo wa katikati, miaka yote ya kungurumiwa ikatoka kwa mpigo. Marlène akacheka mpaka akashika ukuta. Mulumba naye akacheka, akacheka, mpaka kicheko kikageuka, akabaki analia na blanketi mikononi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Halafu akamkabidhi Marlène blanketi, akaingia ndani, akarudi na suruali yake ya harusi. Stany akaipima kiunoni, akasema ni fupi, akatoka shimoni.

Hesabu ni hii: sindano ya Mechack na mafuta ya pikipiki yake. Tomson wa jioni zote, pamoja na wa jioni mbili za uongo. Blanketi moja. Patalo moja jeusi, lililovaliwa siku moja tu. Na mbwa mmoja.