Dawa ya Jumapili

Mama hakuwahi kurudisha mkono wa mtoto. Angeweza kutoka kwa mwanawe mkubwa ameshiba mpaka anapumulia mabegani, akafika kwa binti yake mshonaji, akawekewa sahani, akaimaliza. Kisha akaenda kwa kitinda mimba, akala tena. "Ukimwambia mtoto umeshiba," alikuwa akisema, "atajiuliza umeshibia kwa nani." Wanawe walimtania sana kwa hilo, na mshonaji ndiye aliyecheka kuliko wote. Sasa ulikuwa mwaka wa pili tangu wamzike, na kichekesho chenyewe kilikuwa kimemgeukia mshonaji akilini, hakimchekeshi tena.

Maana vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimeanza kuuma. Kila asubuhi aliamka navyo vimevimba na kukakamaa, akavitumbukiza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akakaa hapo kama mtu anayeloweka maharage, mpaka viweze kushika mkasi. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili. Mashati arobaini ya sare yalikuwa yamekunjwa kando ya cherehani, hayana matundu ya vifungo, na wazazi walikuwa wameanza kupitapita mlangoni wakichungulia kwa adabu ya uongo.

Daktari alikuwa amekwisha kumwambia ukweli. Ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kuvishambulia viungo vya mwenyewe. Ni ile ile aliyokuwa nayo Mama. Na dawa aliyoandikiwa ilikuwa ile ile ya Mama, vidonge vidogo vya njano, vinne kwa pamoja, mara moja kwa wiki. "Usichelewe," daktari alisema. "Vidole vikishapinda, havinyooki."

Hiyo ilikuwa wiki tano zilizopita. Vidonge vilikuwa kwenye droo ya vifungo, hakuna hata kimoja kilichotoka kwenye karatasi yake. Mficha maradhi kifo humuumbua; mshonaji aliijua methali hiyo, na alikuwa mwepesi kuwatolea wateja wake waliofunga miguu iliyoteguka kwa vitambaa. Mwenyewe alivaa mikono mirefu akavuta mpaka kwenye vifundo vya vidole.

Aliyemzuia alikuwa Mama. Kila alipoifungua droo ile, hata kama ni saa nne ya asubuhi, jua limejaa chumbani na pasi inatoa mvuke, alimsikia nyuma yake, upande wa kiti ambacho Mama alipenda kukalia akimtazama anashona. Sauti haikuwa na hasira wala lawama. Ilikuwa inauliza tu.

"Leo tena?"

Mama aliyasema maneno hayo Jumapili moja. Kwa miaka mingi alikuwa amejinywesha dawa zake mwenyewe, bila kosa. Kisha vidole vyake vikashindwa hata kuvisukuma vidonge vitoke kwenye karatasi ya bati, na watoto wakagawana zamu za kumwendea chumbani kwake: kaka mkubwa, mwashi, Jumatano; Kitinda, yule kitinda mimba ambaye jina hilo la utani limemganda mpaka utu uzima wake, Ijumaa; mshonaji Jumapili. Waliogawana zamu hawakugawana maneno. Kila mmoja aliogesha, akapika, akafua, akaondoka na moyo mweupe. Karatasi za vidonge zikipungua, kaka alipitia duka la dawa akaongeza. Hakuhesabu, nani anahesabu dawa za mamaye?

Jumapili hiyo ya kwanza mshonaji alisoma kwenye boksi: mara moja kwa wiki. Akatoa vidonge vinne, akavipanga kiganjani, akamletea maji. Mama akavitazama.

"Leo tena?"

"Mama, wiki si imeisha? Leo ndiyo siku yake," alimjibu, na alijibu kwa haraka kidogo, kwa sababu nguo zilikuwa bado kwenye ndoo na aliona kama uzee umeanza kumsahaulisha. Mama akamtazama usoni kwa muda, akatabasamu, akafungua kinywa. Hakuuliza tena. Si Jumapili iliyofuata, wala yoyote iliyokuja.

Wiki ya sita vidonda vilijaa mdomoni mwake, hata maji yakawa yanamuunguza. Homa ikapanda. Hospitalini walimpima damu, na daktari akaja akawauliza wote watatu, pale pale kando ya kitanda, kama mgonjwa alikuwa anakunywa dawa ya viungo kila siku. Damu yake, alisema, ilikuwa ya mtu aliyezidishiwa. Wakajibu karibu kwa pamoja: "Hapana, daktari. Mara moja tu kwa wiki." Hakuna aliyedanganya. Siku ya nne Mama akafa.

Tangu hapo mshonaji alikuwa amepiga hesabu yake kimya kimya. Mama hakuweza kuvitoa vidonge mwenyewe. Kwa hiyo kulikuwa na mkono mwingine zaidi ya wake, wiki hizo hizo. Mkono wa nani? Kuuliza ilikuwa ni kumshtaki kaka yake, au Kitinda, au kujishtaki mwenyewe mbele yao kwamba aliulizwa na hakusikia. Hakuwa na ujasiri wa lolote kati ya hayo. Kitinda naye alikuwa ameacha kumtembelea. Kaka alikuwa anapiga simu, anauliza hali, anakata kabla hajaulizwa yake. Walikuwa wanapendana kwa mbali, wakiogopana.

Jumatatu moja mkasi ulimponyoka. Ulipita kwenye shati alilokuwa analikatia tundu la tatu, ukachana kifua kizima, ukaanguka. Akajaribu kuuokota kwa mkono wa kulia, vidole vikakataa kufumba. Akajaribu kwa wa kushoto, na huo ukakataa. Alikaa sakafuni akiutazama mkasi wake, akalia kwa sauti, kwa sababu mikono hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake, na ndiyo kitu pekee alichojua kukifanya vizuri duniani.

Alipomaliza kulia alivichukua vidonge, akavifunga kwenye kitambaa cha mfukoni, akaenda kwa mfamasia aliyempa.

Mfamasia alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, miwani ikining'inia shingoni. Alihesabu karatasi kwa jicho tu. "Hujanywa hata kimoja."

"Dawa hii iliniulia mama."

Mfamasia hakushtuka. Alimvutia kiti. "Haikumuua dawa. Ilimuua idadi. Nani alikuwa anampa?"

"Sisi."

"Sisi wangapi?"

Mfamasia akaivaa miwani, akachukua kalamu, akazungumza polepole kama anayempima mtu kiuno. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Wewe utakuwa peke yako. Chagua siku moja, uipe jina. Isiwe 'kwa wiki', iwe siku."

"Yoyote isipokuwa Jumapili."

"Leo Jumatatu." Akaandika JUMATATU kwenye boksi kwa herufi kubwa. "Ukishakunywa, unaweka alama ukutani. Ukisahau, hulipizi kwa kunywa mara mbili, unapiga simu. Hivi vingine, vya foliki, ni vya Alhamisi, vinakupunguzia madhara. Damu unapima kila tarehe uliyopangiwa, hata ukijisikia mzima. Mdomo ukitoka vidonda, ukipata homa, ukikosa pumzi, unaacha na unakuja siku hiyo hiyo. Dawa za maumivu za dukani usichanganye bila kuniuliza. Na mtu mwingine asivishike hivi. Akivishika, anawe mikono."

"Nikimsikia Mama ananiuliza, leo tena?"

Mfamasia alimtazama juu ya miwani. "Mwambie siku."

Alivimeza pale pale, kwa maji ya kikombe cha plastiki, macho ameyafumba. Njiani kurudi alisubiri kufa. Hakufa, aliona kichefuchefu kidogo tu jioni, kisha akalala. Asubuhi alichora mstari wa chaki ukutani juu ya cherehani, akaandika Jumatatu. Na kwa kuwa siri ilikuwa imemchosha, akampigia Kitinda, akamwambia ugonjwa wa Mama umehamia kwake na dawa ni zile zile. Kuhusu kumeza hakusema neno. Kitinda akasema, "Nitakuja, dada."

Alikuja Ijumaa. Hakuulizwa kwa nini Ijumaa. Aliingia na chai ndani ya chupa, akapiga pasi mashati kumi na mawili bila kuketi, akafagia vipande vya vitambaa chini ya meza, akizungumza haraka haraka kuhusu mambo yasiyo na maana. Mshonaji alikuwa ameinamia tundu la kifungo, vidole bado ni vizito, anavilazimisha. Hakuona Kitinda alipofungua droo. Alisikia tu bati la karatasi likipasuka, mara nne.

"Dada, kinga mkono. Dawa yako ya wiki."

Kitinda alikuwa amesimama mbele yake, vidonge vinne vya njano kiganjani, kikombe mkono wa pili. Uso wake ulikuwa umelainika kwa upendo na woga. Miaka miwili alikuwa hajamtazama dada yake hivyo. Na mshonaji alijikuta amekwisha kuweka shati chini, kiganja chake kiko wazi kinangoja, kwa sababu ingekuwa ukatili kumvunja moyo mtu mwenye uso ule. Alijua ni Ijumaa. Alijua amekunywa. Hata hivyo mkono ulikuwa umenyooka wenyewe.

"Leo tena?" alisema.

Kikombe kilimtoka Kitinda. Maji yakamwagika juu ya mashati yaliyopigwa pasi, na hakuna aliyeinama kuyaokoa.

"Nani alikwambia?" Kitinda aliuliza, sauti imekauka. "Nani alikwambia kwamba Mama aliniuliza hivyo?"

"Alikuuliza wewe?"

"Ijumaa ya kwanza. Nikamwambia, ndiyo Mama, ni ya wiki hii. Nikadhani amesahau. Miaka miwili, dada. Miaka miwili namsikia."

"Aliniuliza mimi Jumapili," mshonaji akasema.

Walimpigia kaka. Alipokea akiwa juu ya jengo, nyundo zikigonga nyuma yake, na mshonaji akamuuliza bila salamu: wewe ulikuwa unampa Mama dawa siku gani? Nyundo ziliendelea kugonga. Kaka, mtu mwenye sauti ya kuwaita vibarua kutoka ghorofa ya nne, alijibu kwa sauti ndogo sana.

"Jumatano. Wiki ya pili akaniuliza." Kisha akasema, "Na nyinyi aliwauliza?"

"Sote," mshonaji akamwambia. "Nakuja," kaka akasema.

Kitinda alikuwa bado amevifumbata vidonge kwenye ngumi. Mshonaji akaishika ile ngumi kwa mikono yake miwili iliyovimba, akaifungua kidole kimoja kimoja.

"Nimeshakunywa," alimwambia. "Jumatatu. Angalia ukutani."

Ni maneno mepesi, na Mama alikuwa nayo mdomoni mara tatu kwa wiki, akayameza pamoja na vidonge ili mtoto asione amerudishwa. Mshonaji aliwaza hivyo akaona uchungu, na ndani ya uchungu ule akamkasirikia Mama kwa mara ya kwanza, akalia huku amekasirika. Kitinda naye alilia.

Kisha mshonaji akavitia vidonge vile kwenye kikopo avirudishe kwa mfamasia, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na sabuni. "Umevishika," alisema. "Nawa." Kaka alipoingia, saruji imemkaukia mpaka viwikoni, aliwakuta wawili hao wameinamia beseni moja. Alikunja mikono ya shati, akachuchumaa, nao wakampisha.