Mahakama Iliyolala Kwangu

Usiku wa jana niliota jirani yangu Bi Mwanamkasi ananiuliza tena swali aliloniuliza juzi kupitia dirisha la jikoni: "Mwenzangu, nawe umo edani hutoki, nyumba hii atakutetea nani?"

Nyumba yenyewe marehemu mume wangu alinipa mbele ya mashahidi. Lakini shemeji yangu Hatibu anasema ni ya ukoo, na asubuhi angeleta fundi avunje ukuta wa ukumbi, aweke duka lake.

Kabla sijamjibu jirani, farasi akapiga hodi. Nikajitanda, nikakaa nyuma ya pazia, nikamkaribisha. Akaniamkia kwa adabu, akasema amewaleta hakimu na Wakili Obadia Krein, watu wa Marekani ya zamani, kwa kuwa kwao mahakama ndiyo inayopanda farasi ikawafuata wenye kesi. Nikasema alhamdulillahi. Mjane hatoki, basi mahakama imekuja.

Wakili anavua kofia yake ndefu, anaanza kunitetea. Anasema vizuri mno, mpaka ukumbi wangu unakuwa uwanja wa Illinois, jimboni kwao, na watu wanamchagua ubunge. Wanambeba juu juu. Kofia inabaki inaniomba radhi. Inasema ndivyo walivyo watu wake, wakili akisema vizuri hawamwachi amalize.

Anarudi na ndevu. Anaendelea palepale alipoachia, na kwa vile anasema vizuri zaidi, wanamletea kiti cha useneta. Sasa pazia langu linaning'inia kwenye jengo lenye kuba kubwa kuliko la msikiti wetu wa Ijumaa, na ndevu zake zimekuwa nyeupe.

"Mheshimiwa," namwambia, "ukiondoka na safari hii, mimi sina nyumba."

Anakitazama kiti. Anakitamani, naona.

"Bibi," anasema, "hiki kitangoja. Fundi hangoji."

"Nitangoja," kiti kinasema. "Sina pa kwenda."

Mara tuko nyumbani. Hakimu anatangaza desturi ya safari zao: mahakama ikiwa ugenini, wote hulala kitanda kimoja. Na leo, anasema, mdai naye atalala humo, mpaka aghairi. Hatibu analetwa na msuli wake wa kulalia. Anasema hii si haki, yeye amezoea kujinyoosha. Nikawapa kitanda cha wageni, nikawafungia mlango, nikaenda kusali.

Nikaamshwa na adhana. Jua lilipotoka, Hatibu akaja kweli na fundi wake. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia, kapinda kama mtu aliyelalia ubavu mmoja usiku kucha. Nikamuuliza ameamkaje. Fundi alikwishaanza kupima ukuta, Hatibu akamwambia akunje futi yake.

Akakohoa.

"Shemeji," akasema, "yule hakimu wako ana miguu ya baridi."

Akavaa viatu, akatoka, fundi nyuma yake.