Redio na Mtu wa Bomba

Msusi mmoja, ambaye wenzake walimpa jina la Redio kwa kuwa hana swichi ya kuzimia, alikuwa amefeli mara mbili mtihani wa vitendo wa kozi ya waratibu wa tiba ya uraibu. Nadharia haikumsumbua. Dawa za kulevya alizijua kwa majina, na kutunza siri za mgonjwa aliweza kukueleza hata usingizini. Tatizo lilikuwa mdomo. Kozi ilitaka amwulize mgonjwa, kisha anyamaze mpaka mtu afike mwenyewe kwenye jambo lake. Sasa ulimi hauna mfupa, na wa Redio hauna hata breki. Mara ya kwanza alimtafutia mgonjwa mchumba. Mara ya pili alimchagulia kiwanja. Na hao hawakuwa wagonjwa, ni waigizaji walioletwa kwa ajili ya mtihani!

Hii mara ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, na aliutaka ufaulu kwa uchungu. Mdogo wake alikuwa mlevi, naye alimshauri asubuhi na jioni mpaka kijana akahama nyumba bila kuaga. Redio alijua mdomo wake ndio uliomfukuza, na lilimuuma. Basi akaingia mtihanini na tofi kubwa mdomoni, ile ya kugandisha meno.

Mkufunzi, mama mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alikaa kona moja na kalamu yake. Kona ya pili kulikuwa na sinki linalodondosha maji kwenye ndoo. Mlango ukagongwa, akaingia mwanamume wa makamo mwenye ovaroli.

"Hodi jamani. Nimekuja kwa ajili ya bomba."

Redio akashtuka. Darasani waliambiwa wanaojidunga huiita sindano bomba. Mwigizaji wa leo hana masihara! Akamvutia kiti.

"Karibu, kaka. Bomba?" Tofi haikuruhusu zaidi.

"Eeh. Naambiwa hapa kuna shida."

"Mh."

"Mbona mambo ya kawaida? Mimi nimeanza mdogo. Baba mtu wa bomba, babu mtu wa bomba."

Ukoo mzima! Ushauri ukamjaa Redio kooni, tofi ikauzuia.

"Na ukiliona bomba, unajisikiaje?"

Mwanamume alimkodolea macho. "Likiwa linavuja nafurahi, dada. Likiwa zima, nalala njaa."

Mkufunzi akaandika kwa kasi. Redio akasubiri, macho yakimtoka. Mtu yule naye akasubiri aonyeshwe kazi. Hapo ndipo Redio alipoiona mikono ya yule bwana juu ya magoti.

"Mikono inakutetemeka, kaka," alisema taratibu.

Yule bwana akaificha kwapani. Akatazama ndoo, akatazama dari.

"Hii si ya bomba," alisema mwisho. "Hii ni pombe. Tangu asubuhi sijaonja. Mke wangu anafoka, bosi anafoka, lakini kuulizwa unajisikiaje..."

Kabla hajamaliza, mlango ukasukumwa. Akaingia kijana aliyechana shati lake kwa makusudi, amejipaka masizi chini ya macho.

"Samahani, foleni barabarani," alisema akihema. "Mimi ndiye mlevi wenu."

Redio aliimeza tofi nzima nzima. Mkufunzi akavaa miwani.

"Kwani wewe ni nani?" alimuuliza mwenye ovaroli.

"Fundi bomba, mama. Mlinzi kaniita nitengeneze sinki."

"Lo! Basi mtihani haujafanyika. Tunaanza upya na mgonjwa halali. Fundi, tupishe."

Fundi aliinuka nusu, akakaa tena.

"Mama, huyu kijana si anaigiza? Basi aweza kusubiri. Mimi ndio kwanza nimeanza kusema."

Mkufunzi akamgeukia Redio. Mdomo sasa ulikuwa mtupu, na ushauri wote ulikuwa palepale kooni, umepanga mstari: aache marafiki wabaya, anywe maji, mke abembelezwe, na kuna kiwanja kizuri anakijua. Mawazoni akamwona mdogo wake akifunga begi. Akauma ulimi.

"Nakusikiliza, kaka," alisema, kisha akanyamaza.

Mlevi wa kuigiza akachukua spana ya fundi, akaenda kulikaza bomba la sinki ili fundi asikike vizuri.