Mashine Iliyosubiri Kuulizwa

Karani wa tajiri aliinua mkeka kwa ncha ya fimbo yake, na pale chini, penye giza la pembe ya nyumba, chuma kiling'aa kwa mafuta ya ng'ombe. Lutengano alisimama kando akitabasamu, kama mtu anayeonyesha ndama wa mwenzake aliyenona mikononi mwake.

"Haina kutu," alisema. "Mwambie mwenye mali. Hata kidogo."

Karani alifungua mkoba, akatoa karatasi, akauliza nani hapa anasoma Kiingereza. Watu wote walinigeukia. Nilinyoosha kola ya shati kwanza, kisha nikanyoosha mkono.

Mwaka ule shuleni kwetu walikuwa wametundika picha ya Malkia mahali palipokuwa na picha ya Mfalme. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya wazazi na walimu, ingawa sikuwa mwalimu wala mzazi. Nilichaguliwa kwa sababu ya maandishi yangu. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni la Mwalimu Nsajigwa, baada ya kutwa nzima shambani kwenye mpunga, na sikuona haya kuonekana nikitembea na kalamu mfukoni.

Mashine yenyewe ilifika Lyulilo, bandari yetu ya ziwani, kwa mtumbwi muda mfupi baada ya vita. Ilikuwa sanduku la chuma lenye mkono mrefu: unajaza udongo, unavuta mkono, linatoka tofali. Kamati ya wakati ule iliikodi kwa tajiri mmoja wa Mwaya ili tujenge shule. Wazee wa kamati walibonyeza dole gumba kwenye mkataba, Lutengano wa kwanza kwa sababu ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kuta ziliposimama, waliiosha mashine, wakaipaka mafuta, wakaiweka nyumbani kwa Lutengano. Wakamsubiri mwenyewe aje kuichukua.

Kwetu, ukikabidhiwa ng'ombe wa mtu, humpelekei. Unamlisha, unamtunza, unangoja. Mwenyewe akimtaka atakuja, ataketi, atakunywa, ataulizia habari za watoto, na mwisho ataulizia ng'ombe. Kumpelekea ng'ombe wake mlangoni ni kumwambia umechoka na urafiki wake. Wazee hawakutaka kumtukana tajiri. Basi mashine ilikaa chini ya mkeka miaka saba.

Karatasi ilisema kodi itaendelea mpaka mashine irudishwe ghalani Mwaya. Nilisoma kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha nikamwambia Lutengano kwa Kinyakyusa, maana alikuwa bado anatabasamu. Nje mvua ilipiga majani ya migomba. Lutengano aliutandaza mkeka tena juu ya mashine, akausawazisha kwa viganja vyote viwili.

Karani alisema atarudi wiki ijayo. Asipopata jibu la kamati, madai yatakwenda mahakamani, na ng'ombe watashikwa. Kila mtu alijua ni ng'ombe gani. Wazee wengine waliobonyeza dole gumba walikuwa wamekufa au wamezama migodini Rhodesia. Aliyebaki ni Lutengano, na ng'ombe wake walikuwa wa mahari ya mwanawe Aliko.

Wiki ile sikutulia. Nilikaa, nikainuka. Niliazima kitabu cha sheria kwa karani wa baraza, nikakipitia ukurasa kwa ukurasa, na nikapata nilichokitafuta. Kamati yetu haikuandikishwa popote. Mbele ya sheria haikuwa mtu, na isiyo mtu haidaiwi. Wanaodaiwa ni waliotia alama. Nilikuwa sahihi, na hadi leo nasema nilikuwa sahihi. Mwalimu Nsajigwa aliposikia alinishika mkono kwa nguvu, akasema nimeyaokoa mabati ya shule yasishikwe.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilitembea mpaka Lyulilo bila shughuli, nikapita kati ya vyungu vilivyopangwa mchangani, nikarudi, nikaenda tena. Damari, mfinyanzi wa kabila la Wakisi aliyekuwa na watoto wawili shuleni, aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikasema hapana. Akasema, "Basi acha kukitafuta kati ya vyungu vyangu, utavivunja."

Siku ya mkutano darasa lilijaa. Karani alikaa kwenye kiti cha mwalimu. Lutengano alikataa benchi, akasimama.

"Nimetunza kitu chake," alisema. "Kama angekuwa ng'ombe, leo ningepewa ndama."

Karani alicheka. "Mashine haizai, mzee."

"Na hii kodi unayoidai, imezaliwa na nani?"

Watu walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Karani hakucheka tena. Akasema anataka jibu: deni hili ni la nani?

Mwalimu aliniashiria. Nilisimama na karatasi niliyoandika usiku kucha, maneno ya sheria yamepangwa vizuri. Nilitazama ukutani ili nitulize sauti. Ndipo nilipoliona tofali lililokuwa karibu na sikio langu miaka yote ya darasa la jioni. Lilikuwa na weusi wa kibatari changu. Pale ndipo nilipolitamka neno "kamati" kwa mara ya kwanza, herufi baada ya herufi, na Lutengano, ambaye hakujua hata moja, alikuwa akipita mlangoni kutuuliza kama mafuta ya taa yanatosha.

Nilikunja karatasi.

"Sheria inasema hatudaiwi," nilisema. "Anayedaiwa ni tata Lutengano, baba yetu huyu, peke yake. Lakini mimi nilisomea humu. Niandikwe pamoja naye."

"Tuntufye, kaa chini," Mwalimu Nsajigwa alininong'oneza.

Sikukaa. Kwa kitambo nilidhani nimejifunga peke yangu kamba ya ng'ombe shingoni. Kisha Damari aliuliza kutoka nyuma kama ni kweli tajiri anataka kujenga ghala Lyulilo. Karani akasema ni kweli, ila matofali hayapatikani.

"Mashine iko kwetu," Damari alisema. "Udongo nauonyesha mimi. Au tajiri wako anataka kujenga kwa karatasi?"

Wazazi wakaanza kuinuka, mmoja mmoja, wengine wakinung'unika, wakataja majina yao yaandikwe kwenye deni. Mwalimu alikuwa wa mwisho. Karani alikwenda Mwaya na kurudi, na tajiri alikubali: tumfyatulie matofali ya ghala, na likikamilika, deni limekwisha. Mkataba mpya niliuandika mimi, kwa Kiswahili, na nikaongeza mstari mmoja: kazi ikiisha mashine tutaileta wenyewe, hata asipoiulizia.

Tulifyatua matofali kiangazi chote. Lutengano alibonyeza dole gumba kwenye kila tofali lake likiwa bado bichi, tajiri asije akasema si letu. Mimi nilikuwa najua kuandika jina langu kwa lugha mbili. Nilibonyeza dole gumba. Ghala lile lipo hadi sasa, na tukipita naweza kukuonyesha alama yake ni ipi na yangu ni ipi.

Aliko alioa mwaka ule ule.

Mashine tuliipeleka Mwaya kwa mtumbwi, imepakwa mafuta upya. Lutengano alikuja nasi, lakini tulipofika hakushuka. Alikaa ameupa ufukwe mgongo, uso kwenye milima ya ng'ambo, wakati sisi tukiinua chuma mabegani.

"Mwambie," aliniita bila kugeuka, "hatukuchoka naye."

Tajiri alikuwa akipakia magunia. Nilimngoja amalize, nikamwambia. Sikupunguza neno.