Samaki wa Mbao za Kitanda

Kila aliyeingia nyumbani kwa seremala alishangazwa na jambo lile lile, ingawa wengi walikuwa na adabu ya kutolisema: seremala na mkewe walilala chini. Godoro lilikuwa zuri. Shuka zilikuwa safi, zimenyooshwa, na kwa kuwa mke alikuwa fundi wa kushona, hata foronya zake zilikuwa na marinda. Lakini vyote hivyo vilikuwa sakafuni, kama mizigo ya watu wanaosubiri kuhama.

Si kwamba mbao za kitanda hazikuwepo. Zilikuwepo, na hilo ndilo lililomuuma mke zaidi. Zilikuwa mbao za mwerezi, zimeegemezwa ukutani nyuma ya mlango wa chumba tangu walipooana: mbili ndefu za ubavuni, nne nene za matendegu, furushi la chaga za kubebea godoro, na moja pana ya kichwani yenye mafundo mawili yaliyokaa kama macho. Seremala alizichagua mwenyewe, akazinusa moja moja, akatangaza kwamba kitanda cha mke wake hakitatengenezwa harakaharaka kama vya wateja. Neno lake alilitimiza. Vitanda vya wateja vilitoka karakana kila wakati, na cha mkewe hakikuharakishwa hata kidogo.

Mama mkwe alipokuja kuwatembelea, alishushwa kwenye godoro kwa kushikwa mikono, na kuinuka kwake kukawa kazi ya watu wawili. Alipokuwa bado amekaa pale chini, alizitazama zile mbao, kisha akamuuliza bintiye kwa upole mume wake anafanya kazi gani siku hizi. Alijua vizuri sana anafanya kazi gani. Binti alijibu kwamba ni seremala, na tangu siku hiyo neno hilo likawa linamkwama kooni kama mwiba.

Kisha ukaja wazimu wa samaki.

Mteja mmoja alileta kabati lenye droo mbovu, na ndani ya droo alisahau chambo: kisamaki cha mbao kirefu kama kidole cha kati, kimepakwa rangi, na ndoana mbili zinaning'inia tumboni. Watu hukifunga kwenye mshipi, hukitupa majini na kukivuta, na samaki mkubwa hudhani amepata kitoweo. Seremala alikigeuzageuza mkononi, akakinusa, akasema, "Hata mimi naweza kutengeneza hiki." Mkewe alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, hakuinua hata macho. Baadaye alijilaumu kwamba hakukitupa jalalani siku ile ile.

Vya kwanza alivichonga kwa vipande vya mbao za karakana. Vingine vilikunywa maji vikazama, vingine vilipasuka mgongoni. Akagundua kwamba chambo kinataka mbao nyepesi, iliyokauka mpaka moyoni. Sasa, katika nyumba nzima mbao ya namna hiyo ilikuwa mahali pamoja tu, na ilikuwa imekauka vizuri namna ile kwa sababu ya miaka yote aliyoiacha ikikaa bila kuigusa.

"Chaga moja tu," alimwambia mkewe. "Kitanda hakijui kuhesabu."

Mke alisema sawa. Alikuwa bado anaona ni ajabu kidogo, na ajabu ya mume ukiipa nafasi huchoka yenyewe. Hii haikuchoka. Jioni baada ya jioni seremala alikaa kizingitini na kisu, miguu imefunikwa na vumbi la mbao, akichonga mgongo, akichonga tumbo, akipitisha msasa mpaka kisamaki kiteleze mkononi kama sabuni. Alikipasua mfereji chini, akamimina risasi iliyoyeyushwa ili kiwe na uzito wa tumbo, na mdomoni akakipachika kipande cha bati kilichokatwa kama ulimi, maana bila ulimi huo chambo hakichezi. Nyumba nzima ikanukia mwerezi, harufu ambayo mke alikuwa ameitunzia chumba chake cha kulala. Sasa aliipata jikoni.

Macho ya samaki yalikuwa vifungo vya mke. Rangi ya mapezi ilikuwa rangi yake ya kucha. Bwana mmoja alirudishiwa shati likiwa na kifungo cha juu cha rangi tofauti na vingine, naye kwa bahati alikuwa mtu mpole.

Majaribio yalifanyika kwenye pipa la maji uani. Ikiwa pipa limejaa maji ya kufulia, basi kufua kutangoja. Seremala alifunga kisamaki kwenye uzi, uzi kwenye ufito, akakizungusha humo ndani huku ameinama, na lazima mkewe aitwe aje kuona. Kimoja kililala chali kama mtu aliyeshiba. Kingine kilizunguka mpaka uzi ukawa kamba. Kingine kilipiga mbizi moja kwa moja, kikang'ang'ania chini ya pipa, na mke akavua nguo ya juu, akakitoa mwenyewe, kwa kuwa mkono wake ndio uliokuwa mwembamba. Kila mara mume alirudi kizingitini, akapunguza risasi, akakunja ulimi wa bati kidogo, akarudi tena. Siku moja kimoja kikaenda kikiyumbayumba, kinasita, kinainama upande, kinaendelea.

"Huyu anaogelea kama amelewa," mke akasema.

Seremala akafurahi kama aliyesifiwa mtoto. "Ndivyo inavyotakiwa. Mkubwa hamfukuzi mwenye afya."

Ndani ya pipa, basi, samaki wake walikuwa hawana mpinzani. Shida ilikuwa bwawani, ambako walikuwemo samaki wengine. Kila Jumapili alikwenda, kila Jumapili alirudi na majani kwenye ndoana. Kitu pekee alichowahi kunasa ilikuwa kofia ya mzee aliyekuwa akivua karibu naye, na mzee alikuwa ameivaa. Watu wa bwawani wakampa jina la Bwana Kofia, na jina likatembea likafika mpaka mtaani kwao kabla yake.

Chaga zikaisha. Mbao za ubavuni zikafuata, kipande kwa kipande, kwa kuombwa kwanza, baadaye bila kuombwa. Alipoona mumewe ameanza kulitazama tendegu la kwanza kwa jicho la upande, mke akaenda kwa shoga yake.

Shoga yake alikuwa muuza samaki sokoni, mama wa miraba minne, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alishauri mbao zifichwe. Mke akasema hapana, anamfahamu mume wake. Huyu ni mtu asiyeacha kitu kwa kushindwa. Huacha kwa kushinda. Alicheza drafti na kinyozi kila jioni mpaka godoro likamsahau, na siku alipomfunga kinyozi alikwenda nyumbani, na tangu hapo hajaligusa lile bao. Kwa hiyo dawa si kumnyima samaki. Dawa ni kumpa mmoja, mnene, aridhike, arudi kwenye kitanda kikiwa bado kina miguu.

Muuza samaki alicheka mpaka akashika meza. Kisha akauliza anamtaka wa ukubwa gani.

Jumapili hiyo mke alimfuata mumewe bwawani na chakula kwenye bakuli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimkuta amekaa juu ya jiwe, anayatazama maji. Sanduku lote la samaki wa mbao lilikuwa kando ya mguu wake, ingawa kwa kawaida alichukua wawili watatu tu. Mke aliliona, lakini moyo wake ulikuwa unampiga kwa mambo mengine, hakuuliza. Akamwita waende nyuma ya kibanda cha pampu, penye kivuli, ale kikiwa moto. Mume alimtazama kwa mshangao, akachomeka ufito kati ya mawe, chambo kikabaki kimelala majini karibu na ukingo, akamfuata.

Alikula taratibu mno. Mke alizungumza kuliko alivyozungumza mwezi mzima: kuhusu cherehani, kuhusu kitambaa, kuhusu jirani na jirani wa jirani. Nyuma ya kibanda alisikia maji yakipiga chubwi, kisha mtu akiguna, kisha kimya.

Waliporudi, mshipi ulikuwa umekaza. Seremala alisimama. Akauvuta. Samaki akaja bila ubishi wowote, kama mgeni aliyealikwa, perege mnene wa kujaza sinia. Mke akapiga vigelegele, akaviona vimezidi, akavikatiza katikati. Mumewe alikuwa amemshika samaki kwa mikono miwili, amembana kifuani. Alimtazama samaki, akamtazama mkewe, akamtazama samaki tena.

Mke akanyoosha mkono amtengeneze. Mume akasema, "Wewe kaa. Huyu nitamtengeneza mwenyewe," akachukua kisu, akawapa watu wote kisogo, akachuchumaa ukingoni. Alikaa kule kama anayechuna ng'ombe. Kisu kilisikika kikikwaruza, maji yakimwagwa, kisu tena. Mke alijisemea moyoni: mwache, ni wa kwanza, afaidi.

Njiani kurudi, seremala alitangulia na samaki wake kwenye kijiti, na muuza samaki akatokea vichakani, kanga imelowa mpaka magotini, akawa anatembea sambamba na shoga yake. Hakuwa anacheka. Alimvuta kiwiko, akamnong'oneza kwamba kuna jambo dogo.

"Shoga, mkono umezoea. Nilikuwa naongea na mteja, nikamchukua kwenye barafu, nikampasua na kumtoa matumbo bila kufikiri. Nimekumbuka nikiwa tayari nimemchomeka ndoana."

Mke alisimama barabarani. Mbele yao mume alikuwa anatembea wima, na samaki wake anabembea. Mtu amechuchumaa muda wote ule, amempasua samaki aliyekwisha kupasuliwa, amemwosha tumbo lisilokuwa na kitu. Mke alitamani ardhi immeze pamoja na bakuli.

Nyumbani walimla. Mume alisema ni mtamu. Mke alisema ndiyo, ni mtamu. Alisubiri neno, halikuja. Akalala akiwa amejikunja upande wake wa godoro.

Asubuhi aliamshwa na mlio wa randa uani, kisha msumeno. Aligeuka akatazama nyuma ya mlango: matendegu hayapo. Ubao wa kichwani haupo. Alikaa kitako, na polepole furaha ikampanda toka miguuni. Basi njia yake ilikuwa imefika, hata kama ilipitia kwenye aibu. Mume amejua, amejitia hamnazo, na sasa anamaliza maneno kwa vitendo, kama wafanyavyo mafundi. Mke alitoa kabatini kitambaa alichokuwa amekificha muda mrefu, cheupe chenye maua madogo pembeni, akachukua utepe wa kupimia, akatoka kwenda kupima kitanda chake.

Ubao wa kichwani ulikuwa umelazwa juu ya meza ya kazi. Ulikuwa umechorwa kwa penseli kutoka upande hadi upande: samaki, mmoja nyuma ya mwingine, wamebanana ili pasipotee hata ncha. Matendegu yalikwisha kupasuliwa.

Mume alimwona, akaweka penseli sikioni. Alisafisha koo.

"Yule samaki alikuwa wa baridi," akasema.

Mke aliyatazama matendegu yaliyopasuliwa.

"Matumbo hana. Tena perege. Perege anakula majani, mama, hana habari na samaki wa mbao." Akapuliza vumbi lisilokuwepo juu ya ubao. "Jana nilikwenda na sanduku zima. Nilitaka kuwamwaga wote bwawani, nirudi nikutengenezee kitanda. Nilikuwa nimechoka kuitwa Bwana Kofia. Nimekaa pale kwenye jiwe, najikaza niwamwage, ndipo ukaja na bakuli."

Mke aliukunja utepe wa kupimia mkononi.

"Nikakaa na kile kisu nikiwaza," mume akaendelea, na sauti yake ikawa ya mtu asiyezoea maneno ya aina hii. "Mwanamke halali kitandani kwa ajili ya samaki zangu. Vifungo vyake nimechukua. Maji yake nimechafua. Na bado anakwenda kumwingiza mtu mzima majini, ili mimi tu nisivunjike moyo. Kama yeye ana imani kiasi hicho, mimi ni nani niache?"

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Maneno yalikuwa mafupi, na yalikuwa tayari mdomoni: nilifanya vile ili uache. Alimtazama mumewe ili ayaseme. Uso ule hakuwahi kuuona, si siku ya harusi, si siku kinyozi alipofungwa. Ulikuwa uso wa mtu ambaye kuna mwenzake anamwamini. Maneno yakarudi yalikotoka.

"Huyo wa mwisho," akasema, akionyesha kwa kidole, "mkia umemchora mfupi."

Mume akainama, akatazama, akakubali kwamba ni mfupi. Akaurekebisha. Kisha akachukua msumeno, akaupangusa kwa kiganja, akamwomba amshikie ubao upande ule usicheze.

Mke aliweka kitambaa chenye maua kwenye kiti, akazunguka meza. Yale mafundo mawili ya mwerezi yalikuwa yanamtazama. Akaliziba moja kwa kiganja, akaweka uzito wake wote, akashika.