Mtu wa Mwisho Kuisoma Rejista

Mwaka wa 1965, shule ya sekondari ya Tshopo ilipofunguliwa tena, kila mtoto aliyerudi kutoka mafichoni alikuwa amepanda darasa. Aliyekuwa mwaka wa kwanza kabla ya vita alidai yuko wa tatu. Aliyefeli wa pili alikuja amefunga tai ya marehemu mjomba wake, akasema yeye ni wa nne. Ungedhani kule msituni, walikokaa miezi mitatu wakila mihogo, kulikuwa na maprofesa. Na ukimwuliza mmoja wao karatasi yake iko wapi, jibu lilikuwa lile lile: ilichomwa.

Lambert, préfet mpya, yaani mkuu wa shule, alikuwa amelichoka neno hilo. Alikuwa mtu wa mtoni, mzaliwa wa Yanonge, mwalimu wa hesabu kwa miaka tisa, na ukuu haukumfikia kwa kuutafuta. Mbelgiji aliyekuwa mkuu alikimbia Agosti ya 1964, waasi walioitwa Simba walipokuwa wanaingia mjini, akamwachia Lambert funguo. Novemba waasi wakafukuzwa, Januari serikali ikasema shule ifunguliwe, na mwenye funguo akawa mkuu. Alikuta madarasa matano hayana madirisha, madawati yamegeuzwa kuni, na ubaoni mtu amechora bunduki.

Alifanya kazi, hilo asinyimwe. Watoto wa wavuvi wa Isangi na Yanonge walikuwa hawataki kukaa karibu na watoto wa familia za Kiislamu za mjini. Hawa wa mjini waliitwa watoto wa waasi, wale wa mtoni waliitwa wapashaji habari wa jeshi, na kila upande ulikuwa na maiti zake. Lambert akawachanganya, mmoja wa huku na mmoja wa kule kwa kila dawati. Wazazi wakaja kupiga kelele. Aliwasikiliza mpaka wakachoka, kisha akawaambia kelele haikaliwi, walete mbao. Wavuvi wakaleta mbao za mitumbwi iliyopasuka, mafundi wa Kiislamu wakazipigilia misumari, na kufikia Machi shule ilikuwa na madawati arobaini yanayonuka samaki. Watoto wakajifunza kuketi pamoja, kwa kununiana kwanza, halafu kwa kuazimana wino.

Ndipo ikaja barua ya mkaguzi wa shule. Ilisema mwaka wa tatu, wenye wanafunzi thelathini na mmoja, hautatambuliwa mpaka ithibitishwe kwamba walifaulu mwaka wa pili mwezi wa Julai 1964. Rejista ya mitihani ilikuwa haipo. Kama haipo, wote watarudishwa mwaka wa kwanza, na waliozidi umri watakwenda nyumbani. Barua iliacha mlango mmoja wazi: mtu aliyeiona rejista ikiharibiwa aandike ushahidi na kuutia sahihi, ndipo alama zitakapoweza kuandikwa upya.

Kati ya wale thelathini na mmoja alikuwamo Kadidja, binti wa miaka kumi na saba, mwenye mwandiko mzuri kuliko walimu wake. Kurudishwa mwaka wa kwanza kwake kulikuwa na maana moja tu. Mchumba alikuwa ameshapeleka barua kwao, na shangazi walikuwa wanangoja shule imkatae ili waanze kushona nguo za harusi.

Lambert alimwita baba yake, Nassoro, fundi cherehani wa pale pale Tshopo. Akaja na binti yake, wakasimama mbele ya meza.

“Papa Nassoro, buletini ya mutoto, karatasi yake ya alama, iko wapi?”

“Tuliichoma, Préfet. Mwezi wa nane. Ilikuwa na muhuri ya serikali. Jirani yangu, banamukamata sababu ya karatasi ya posta tu.”

“Karatasi moja. Ungeifukia. Ungeishonea ndani ya godoro, wewe fundi. Mutu mwenye akili anachoma maisha ya mutoto wake?”

Nassoro alitazama viatu vyake. “Tuliogopa, Préfet.”

“Kila mutu aliogopa.”

Lambert aliisikia sauti yake mwenyewe ikipanda, akaichukia, na bado hakuishusha. Kadidja alimshika baba yake mkono, wakatoka bila kuaga. Mkuu akabaki na meza yake, amekasirika kiasi cha kuvunja kalamu.

Hapa inabidi Lambert avuliwe shati, maana rejista ilipita chini ya shati lile. Siku ya tatu baada ya waasi kuingia mjini, alikwenda shuleni na funguo zake, akaitoa kabatini, akaibana tumboni, akatoka nayo. Nia yake ilikuwa kuiokoa. Lakini wiki ile ile waasi walianza kuwatafuta watu wa kalamu nyumba kwa nyumba, na katika kila ukurasa wa rejista, chini kulia, palikuwa na jina lake na cheo chake: katibu wa mitihani. Mwalimu wa nyumba ya tatu alichukuliwa asubuhi akinyoa ndevu. Mchana Lambert aliketi jikoni kwake, chungu cha sombe, yaani majani ya mihogo, kikiwa mekoni, akaisoma rejista ukurasa kwa ukurasa, na kila alioumaliza akautia motoni. Kwa nini aliisoma, hata yeye hakujua. Huenda aliona haya kuchoma kitu bila kukiaga.

Mlinzi wa shule, mzee Waziri, alimwona akitoka langoni siku ile, tumbo limekaa mraba. Hakusema kitu. Hakusema hata Januari, Lambert alipomfukuza kazi kwa kosa la nyaraka kupotea chini ya ulinzi wake. Aliondoka, kesho yake akarudi, akakaa juu ya jiwe nje ya lango, na tangu hapo kila asubuhi alikuwa pale akisema bonjour kwa mkuu kama kwamba mshahara unaingia. Kwa miezi mitatu Lambert alipita mbele ya jiwe lile akitazama mawingu.

Siku mbili kabla ya mkaguzi kufika, kamati ya wazazi ilikaa. Mwenyekiti wake, Arthur, mvuvi wa Isangi mwenye sauti ya kuita ng'ambo, alikuwa na dawa.

“Tuandike Simba ndio banachoma. Nani atabisha? Simba bako kwa pori.”

“Anahitajika shahidi,” Lambert alisema.

“Waziri. Alikuwa hapa siku zote.”

Akaitwa kutoka kwenye jiwe lake. Akaingia, kofia mkononi.

“Papa Waziri, utaweka kidole hapa,” Arthur alimwambia. “Ni kusema uliona Simba banachoma rejista.”

“Sikuona.”

“Si banachoma vitu yote?”

“Kitu niliona, nitaapa. Kitu sikuona, sitaapa. Kama munataka niseme niliona nini, muniulize.” Akamtazama Lambert, wala si kwa ukali.

Lambert alipiga meza. “Hatuna wakati. Mutu alishindwa kulinda kabati moja, leo anatufundisha kiapo. Toka, Waziri.”

Hata neno papa, la kumheshimu mzee, alilimeza. Mzee alivaa kofia yake, akatoka. Arthur akamtupia matusi mgongoni, kwamba anawalinda waasi wenzake, na wazazi wa Kiislamu wakasimama, na kazi yote ya kuchanganya madawati ikawa karibu kumwagika pale pale sakafuni. Lambert aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Aliwatuliza kwa maneno ambayo hata yeye hakuyaamini.

Nyumbani alikataa chakula. Mke wake, Simone, alifunika sahani.

“Unakasirikia nani?”

“Wote.”

“Wote ni bengi. Anza na mumoja.”

“Nikisema, bataniondoa. Na shule, nani ataishika? Uliona leo? Wiki mbili tu, kila mutu atarudi upande yake.”

“Ile iko kweli,” Simone alisema.

Na kweli ilikuwa kweli. Hicho ndicho kilichomwudhi. Angepata kisingizio cha uongo angekitupa, lakini hiki kilikuwa na miguu, kilisimama chenyewe, na kila alipokisukuma kilirudi kukaa naye mezani.

Mkaguzi akaja Jumatatu. Aliitwa Timothée, mtu mfupi mwenye miwani mipya, kwa sababu ile ya zamani aliitupa mtoni Agosti ile, siku watu walipoambiwa kwamba miwani ni alama ya msomi. Alikagua madawati, akayanusa, akatabasamu kidogo. Alipita darasani akaona nani ameketi na nani, akaandika kitu. Kisha akakaa mbele ya kamati katika chumba cha mwaka wa tatu. Kadidja aliwekwa pembeni ya meza aandike maneno ya mkutano, kwa ajili ya mwandiko wake. Nassoro alikuwa kwenye dawati la nyuma. Waziri alisimama nje ya dirisha lisilo na kioo.

“Bon. Shule iko inasimama, naona,” mkaguzi alisema. “Shahidi wa rejista ni nani?”

Arthur alikohoa. Wazazi wakatazamana, halafu wakamtazama mkuu wao.

“Hakuna? Alors sina njia. Batoto barudi mwaka wa kwanza. Mademoiselle, andika.”

Kadidja hakuandika. Aliilaza kalamu juu ya karatasi, taratibu, sambamba na ukingo, kama mtu anayepanga vitu ambavyo hatavitumia tena. Hakulia. Lambert alimwona, na ile hasira aliyoibeba kwa miezi mitatu akimrushia huyu na yule ikakosa mtu mwingine wa kumwendea.

“Shika kalamu, Kadidja,” alisema. “Andika alama.”

Akaanza. Jina la kwanza: hesabu sitini na mbili, Kifaransa hamsini na tano, historia sabini. Jina la pili. La tatu. Alisema akitazama ukuta, bila kusita, na Kadidja akaandika. Walipofika jina la sita mkaguzi aliinua mkono.

“Préfet, wewe ulifundisha hesabu. Alama za Kifaransa na historia unazijua namna gani?”

“Nilikuwa mutu wa mwisho kuisoma rejista.”

“Uliisoma wapi?”

“Kwa jiko yangu. Nilisoma ukurasa, kiisha nautia ndani ya moto. Jina yangu ilikuwa kila pahali.” Akamtazama Waziri dirishani. “Simba habakuichoma. Wala Papa Waziri hakuipoteza. Aliniona nikitoka nayo, na nikamufukuza kazi sababu aliniona.”

Hakuna aliyepiga kelele, na Lambert angependa wapige. Mkaguzi alivua miwani yake mipya, akaitazama muda mrefu, akaivaa tena.

“Endelea,” alisema.

Lambert aliwataja wote thelathini na mmoja. Kadidja alipata sabini na nane, akaiandika alama yake mwenyewe bila kuinua macho. Mtoto wa Arthur alikuwa na arobaini na tatu: amefeli. Arthur akaanza kusema kwamba mtu mwizi wa rejista hawezi kuaminiwa, mkaguzi akamwambia mtu anayejitia kitanzi mwenyewe hana sababu ya kupunguza alama za mtoto wa mwenzake.

“Thelathini bamepita,” mkaguzi alisema. “Darasa linakubaliwa. Papa Waziri arudi kwa kazi yake. Lakini wewe, Lambert, siwezi kukuacha hapa, unajua. Kuna shule ya msingi kule Barumbu. Boti iko siku ya Alhamisi.”

“Na hapa atakuja nani?”

“Sijui. Sina mutu.”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wangemwondoa mtu aliyeisimamisha shule, na wa kumweka hawakuwa naye. Lambert alitaka kubisha, akaona kwamba haki ya kubisha aliichoma pamoja na mengine. Nje ya dirisha Waziri alikuwa amevua kofia. Lambert alimwita, “Papa Waziri, unisamehe,” na mzee akajibu kwamba ametosheka kukaa juu ya jiwe, mgongo unamuuma.

Ikabaki sahihi. Kadidja aliisogeza karatasi mbele ya Lambert, pale palipoandikwa jina la aliyeharibu rejista. Nassoro alikuwa ameshatoka dawatini, amesimama nyuma ya binti yake, na Lambert akajiandaa kwa maneno yake mwenyewe, yale ya mtu mwenye akili na maisha ya mtoto, yarudishwe mbele ya watu wote. Alistahili.

Lakini Nassoro aliuliza kwa sauti ndogo, kama fundi anayemwuliza fundi mwenzake.

“Sisi ilikuwa karatasi moja, Préfet. Iliisha mara moja. Ile yako, kitabu kizima, ilichukua muda gani?”

Lambert alitia sahihi kwanza.

“Muda wa sombe kuiva,” alisema. “Iliiva, Papa Nassoro. Na tulikula.”