Mshika Ufunguo Huchota Mwisho

Kwenye ua wetu bomba ni moja, na lina kufuli. Maji huja asubuhi na hukatika yakipenda yenyewe. Tangu zamani tuliwekeana sheria mbili: mwezi ukiandama ufunguo unahamia chumba kinachofuata, na mshika ufunguo huchota mwisho. Hiyo ya pili ndiyo kinga yetu, maana anayechota mwisho hawezi kufunga bomba mapema.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alipopokea ufunguo tulipumua. Alipanga foleni, aliwanyamazisha wagomvi. Mwezi ulipoandama tukasema, aendelee tu, anaiweza. Kisha akaugua mgongo, na fundi cherehani akamsogezea ndoo mbele: "Mama yetu asisimame." Mgongo ukapona, ndoo ikabaki mbele. Hakunyakua kitu. Tulimpa wenyewe, kidogo kidogo, kwa upendo.

Asubuhi moja alijaza madumu yake, wengine wakachota, naye akafunga kufuli awahi sokoni. Mzazi wa chumba cha mwisho alikuwa bado amesimama na beseni la nguo za kichanga.

"Wifi, bado mwenzetu mmoja," nikamwambia.

"Angewahi."

"Mtu katoka kujifungua juzi. Atawahije?"

"Makubwa. Leo wifi yangu kawa hakimu." Watu wakacheka. Akanisogelea, akashusha sauti. "Umesahau ulipofiwa nani alikaa na wewe?"

Sikusahau. Hata kitanda ninacholalia alinipa yeye. Nikajua naweza kumpoteza pale pale, mbele ya ndoo.

"Sijasahau. Nakuombea kila alfajiri, na leo nimekuombea mara mbili. Mwezi umeandama jana. Ufunguo."

"Mnanifukuza?"

"Tunakurudisha kwenye foleni, tuliko wote."

Fundi akaingilia. "Lakini mama wa watu kazi anaiweza."

"Anaiweza. Ndiyo maana tuache kumharibu."

Hakuna aliyecheka tena. Wifi aliutupia ufunguo ndani ya beseni la mzazi, akashika njia. Chumba kinachofuata chake ni changu, kwa hiyo niliuokota mimi, nikafungua, mzazi akachota.

Kesho yake nilipomaliza kufungua kufuli nilikuta ndoo yangu imesogezwa iwe ya kwanza. Fundi alikuwa anatabasamu. "Mama, umetutetea. Leo tangulia, ukapumzike."

Siwezi kusema uongo, moyo ulilainika. Ilikuwa asubuhi ya baridi, na neno lile lilikuwa tamu. Nikaelewa jinsi wifi alivyoanza. Nikamwomba Mungu anipe nguvu, nikainyanyua ndoo nikaipitisha foleni nzima, mpaka nyuma ya wifi yangu, aliyekuwa amesimama mwishoni kanipa kisogo.

Aliitazama ndoo. "Na yakikatika hujafikiwa?"

"Nitakuja kuomba kwako."

"Nikikunyima?"

"Nitalala mchafu. Nitakuwa wa kwanza duniani?"

Akakaza mdomo asicheke. Foleni ikasogea, tukasogea nayo.

"Sasa nisikilize," akasema. "Mwezi ukiandama, usije ukatuambia wanakupenda, uendelee."

"Nikisema hivyo, ninyang'anye."

"Nitakunyang'anya," akasema, na hakuwa anatania.

"Haya, sogeza dumu," nikamwambia. "Zamu yako."